Boksi la umeme linaingiza maji, linachemka au linarusha breka: pa kuanzia kutafuta

Malalamiko kuhusu maboksi ya umeme, paneli na makasha ya mashine hayabadiliki sana. Mtu ananunua boksi lenye alama ya IP65, yaani daraja la kuzuia vumbi na maji, analifunga ukutani, na baada ya muda anakuta maji yametuama chini, kutu imeanza kwenye reli ya breka, au mota inajizima kila jua linapokuwa kali. Wengi hukimbilia silikoni. Mara nyingi silikoni hiyo huzidisha tatizo, kwa kuwa inaziba pale maji yanapoonekana na kuacha pale yanapoingilia, na wakati mwingine inaziba njia pekee ambayo maji yangetokea.

Alama ya IP hutolewa kwa boksi kama lilivyojaribiwa, kabla ya mtu kulitoboa. Ndiyo maana karibu kila hitilafu iliyo hapa chini ina tundu mahali fulani: lililotobolewa vibaya, lililoachwa wazi, au lililohitajika na halikuwekwa. Kila dalili inaanza na sababu inayokutwa sana, kisha zile za nadra.

Kabla ya kufungua mlango

Zima swichi inayolisha boksi kutoka nje, usitosheke na breka iliyo ndani yake. Ifunge kwa kufuli na ufunguo ukae mfukoni mwako. Jaribu tesa (kifaa cha kupimia kama kuna umeme) mahali unapojua pana umeme, pima ndani ya boksi, kisha rudi uijaribu tena pale pa kwanza. Tesa iliyokufa inaonyesha kilekile ambacho waya usio na umeme unaonyesha.

Kuna mitego miwili inayoumiza hata mafundi wazoefu. Tamino (sehemu za kufungia nyaya) za upande wa kuingilia wa swichi kuu hubaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Na boksi moja linaweza kulishwa kutoka pande mbili: laini kuu na jenereta, sola, au waya wa udhibiti unaotoka paneli nyingine. Inveta za kuendeshea mota nazo hutunza chaji kwenye kapasita baada ya umeme kukatwa. Muda wa kusubiri, kwa kawaida dakika 5 hadi 15, huandikwa kwenye kibandiko cha kifaa chenyewe, na huo ndio wa kufuatwa.

Usifungue kabisa ukikuta weusi wa moto, harufu ya plastiki iliyoungua, mlio wa kutatarika, au maji yaliyofikia sehemu zenye umeme. Kata umeme kutoka mbali na umwite fundi umeme mwenye leseni. Boksi lenye alama ya Ex, lililofungwa mahali penye gesi, mvuke wa mafuta au vumbi linaloweza kulipuka, si la kuguswa na mtu asiye na mafunzo ya kazi hiyo. Kwenye maboksi ya aina inayozuia mlipuko usitoke, nyuso mbili za chuma zinazokutana mlangoni zimechongwa kwa kipimo maalumu. Kupaka rangi au silikoni kwenye nyuso hizo kunaondoa kinga yenyewe.

Dalili: kuna maji ndani

Kabla ya kutafuta maji yalipoingilia, angalia ni kiasi gani na yako wapi. Swali hilo moja linapunguza kazi kwa nusu.

Matone madogo yaliyotapakaa juu ya dari ya boksi na ndani ya mlango, hasa alfajiri, ni umande. Mstari wa maji unaoshuka kutoka sehemu moja, ukiacha alama ya tope au chokaa, ni uvujaji. Maji yaliyojaa chini huku kuta zikiwa kavu mara nyingi yamekuja kwa njia ya bomba la nyaya.

Hesabu ndogo inasaidia hapa. Hewa iliyoshiba mvuke kwenye nyuzi 30 za Selsiasi hubeba takribani gramu 30 za maji kwa kila mita ya ujazo; kwenye nyuzi 20 hubeba takribani 17. Boksi la lita 100 lililofungwa vizuri, likipoa kutoka 30 hadi 20, haliwezi kudondosha zaidi ya gramu 1.3, yaani chini ya theluthi ya kijiko cha chai. Kwa hiyo ukikuta kikombe kizima cha maji baada ya usiku mmoja wa mvua, acha kulaumu umande.

*Sababu ya kwanza: sehemu za kuingizia kebo.* Anza hapa kila mara. Tafuta tundu lililoachwa wazi baada ya kebo kuondolewa, glandi (kifunga kinachobana kebo kwenye tundu) kubwa kuliko kebo, kebo mbili zilizosukumwa kwenye glandi moja ya duara, au kebo bapa iliyopitishwa kwenye raba ya duara. Shika kila kebo uisukume kidogo pembeni. Ikicheza ndani ya glandi, maji nayo yanapita. Dawa ni glandi ya ukubwa sahihi na kizibo halisi kwa kila tundu lisilotumika. Mkanda wa umeme haudumu kwenye jua, na gundi hung'oka kebo inapotikisika.

Kebo iliyoingilia juu ya boksi ni tatizo hata kama glandi ni nzuri, kwa sababu maji yanatelemka kando ya kebo na kukaa juu ya raba siku nzima. Hamishia chini. Isipowezekana, ipe kebo mbonyeo unaoshuka chini ya kimo cha glandi kabla haijaingia, ili maji yadondokee hapo.

*Sababu ya pili: bomba la nyaya.* Bomba linalotoka ardhini au shimoni huleta maji, na hata lisipoleta maji huleta hewa yenye unyevu. Hewa ya shimoni ikiwa ya vuguvugu kuliko boksi, inapanda usiku kucha na mvuke wake unageuka matone juu ya chuma kilichopoa. Hapo ile hesabu ya gramu 1.3 haitumiki tena, maana kila saa kuna mvuke mpya. Ziba mdomo wa bomba ndani ya boksi, kuzunguka nyaya, kwa puti laini ya kuzibia mabomba ya nyaya ile isiyokauka. Povu la ujenzi linanyonya maji likikatwa, na siku ya kuongeza waya utalichimba kwa bisibisi na kuchuna nyaya.

*Sababu ya tatu: raba ya mlango.* Kata ukanda wa karatasi, ubane kati ya mlango na fremu, funga, kisha uvute. Rudia kila baada ya sentimita kumi na tano hivi kuzunguka mlango mzima. Unapotoka bila kukwama, raba haibani. Kabla ya kununua raba mpya tazama mambo mawili: uchafu au rangi iliyodondokea ukingoni, na bawaba iliyolegea ikaufanya mlango uning'inie. Raba iliyobonyea na kubaki na mfereji imechoka, ibadilishe nzima. Kipande kilichoungwa ni mahali papya pa kuvuja, na kama kiungo hakiepukiki kiwe upande wa chini. Angalia pia raba imetengenezwa kwa nini. EPDM inavumilia jua na mvua lakini huvimba ikikutana na mafuta ya mashine; mahali pa mafuta panataka raba ya naitraili.

*Sababu ya nne, inayosahaulika: boksi linanyonya maji lenyewe.* Tuseme boksi limefungwa vizuri na jua limelipasha hadi nyuzi 60. Mvua ya ghafla inalipoza hadi 25. Hewa ya ndani inasinyaa, na shinikizo linashuka kwa karibu asilimia 10 chini ya la nje. Tofauti hiyo ni takribani kilopaskali 10, sawa na kina cha mita moja ya maji. Kwa maneno mengine, kila filamu ya maji iliyolala juu ya raba au glandi inavutwa ndani kana kwamba boksi limezamishwa kwa kina hicho.

Kiwango cha IEC 60529, ambacho ndicho chanzo cha alama za IP, kinataka joto la maji ya jaribio la kurushia lisipishane na la kifaa kwa zaidi ya nyuzi 5. Hali ya boksi lililochomwa na jua kisha likapigwa na mvua baridi haimo kwenye jaribio. Hiyo ndiyo maana boksi lenye IP66 halali linaweza kuwa na maji ndani bila mtu yeyote kudanganya. Kuongeza silikoni hapa ni kulifanya boksi livute kwa nguvu zaidi kupitia upenyo mdogo uliobaki.

Dawa ni kuliachia boksi lipumue kwa njia uliyoichagua: kizibo cha kupumulia chenye utando unaopitisha hewa na kukataa maji, kilichofungwa chini au ubavuni mahali ambapo maji hayatuami. Chini kabisa ongeza kizibo cha kutolea maji. Tumia vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo na vyenye alama ya IP isiyopungua ya boksi. Tundu la msumari lililotobolewa chini linatoa maji, ni kweli, lakini pia linaingiza vumbi na sisimizi, na alama ya IP inabaki ya urembo.

*Kama ni umande kweli*, hita ndogo hufanya kazi kubwa. Hewa iliyoshiba ikipashwa nyuzi 5 tu, kutoka 25 hadi 30, unyevu wake wa kiasi unashuka kutoka asilimia 100 hadi karibu 75, na umande haushiki tena. Hita ya wati chache hadi makumi kadhaa inatosha boksi la kawaida. Ifunge chini, mbali na nyaya, iongozwe na haigrostati, swichi inayofuata unyevu wa hewa. Vifuko vya chembechembe za kukausha unyevu vinafaa kwa boksi lisilopumua kabisa. Kwenye boksi la nje vitashiba mapema na kubaki kuwa mzigo.

Ukiwa umerekebisha na bado huna uhakika, fanya jaribio la maji umeme ukiwa umekatwa. Tandika karatasi kavu ndani, funga, mwagia kwa mpira wa bustani ukianza chini na kupanda polepole, ukisimama kila hatua na kufungua kuangalia. Ukianzia juu utalowesha kila kitu na hutajua ni wapi palipopitisha. Usitumie mashine ya kuoshea yenye presha kubwa. IP65 na IP66 hazikuwekwa kwa ajili yake, na IP67, inayohusu kuzamishwa hadi mita moja kwa dakika 30, haimaanishi boksi linastahimili maji ya kurushwa isipokuwa limeandikwa alama zote mbili.

Dalili: breka inaruka mvua ikinyesha au alfajiri

Muda wa kuruka ndio ushahidi. Ikiruka mvua inapoanza, maji yanafika mahali moja kwa moja. Ikiruka alfajiri bila mvua na ikakubali kurudi saa nne asubuhi, ni umande. Ikiruka saa chache baada ya mvua kuisha, mara nyingi kosa haliko kwenye boksi unalolitazama. Liko kwenye boksi dogo la kuungia nyaya huko mbele, kwenye taa ya nje au kwenye mota, ambako maji yalichukua muda kupenya.

Zima breka zote ndogo, rudisha ile kubwa ya kulinda watu (inayokata umeme unapovuja), kisha washa moja moja. Itakayoiangusha ndiyo laini yenye tatizo. Fungua maboksi ya kuungia ya laini hiyo tu, ukitafuta rangi ya kijani kwenye shaba na njia nyembamba nyeusi kati ya tamino mbili. Njia hiyo nyeusi ni kaboni. Kuikausha hakutoshi, sehemu hiyo inabadilishwa.

Kipimo cha megga, kifaa cha kupima ukinzani wa insulesheni ya nyaya, ndicho kinachomaliza ubishi: voliti 500 za DC kwa laini za kawaida, na matokeo yasipungue megaomu 1. Inveta, taimari, vidhibiti na taa za LED lazima vitolewe kwenye laini kwanza, la sivyo unavichoma wewe mwenyewe. Kama huna megga au hujawahi kuitumia, hapa ndipo pa kumwachia fundi. Na kama breka ya kulinda watu inaangushwa na laini moja hata siku ya jua, usiirukishe kwa waya eti kazi iendelee.

Dalili: boksi ni la moto, vifaa vinajizima mchana

Hapa watu hufungua mlango na kuweka feni ya mezani mbele. Joto linapungua, ndiyo, lakini vumbi linaingia, na mtu yeyote anayepita anaweza kugusa umeme. Ruhusu jambo hilo kwa dakika za dharura tu, ukiwa umesimama hapo.

Mara nyingi kosa ni filta iliyoziba. Itoe na uitazame kwenye mwanga. Usipoona mwanga, hewa nayo haioni njia. Kisha hakikisha feni inazunguka, na inazungukia upande unaotakiwa: hewa baridi iingie chini, ya moto itoke juu upande wa pili. Feni mbili zinazovuta zote ndani zinapigana, na nimekuta hali hiyo kwenye paneli zilizosifiwa kwa unadhifu wa nyaya zake.

Inayofuata ni vifaa vilivyoongezwa baada ya boksi kupangwa. Boksi la chuma kilichopakwa rangi, lisilo na feni, hutoa joto takribani wati 5.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti na nje. Chukua boksi la ukutani la sentimita 80 kwa 60 kwa 25: eneo lake linalofanya kazi ni karibu mita 1.2 za mraba. Vifaa vikitoa wati 100 za joto, ndani kutakuwa na nyuzi 15 zaidi ya nje. Nje kukiwa na 38, ndani ni 53. Inveta ya kilowati 15 ikipoteza asilimia 3 tu inatoa wati 450, na ukuta wa boksi hilo hauwezi kuzimeza.

Unapohitaji feni, zidisha wati za joto kwa 3.1, ugawe kwa nyuzi unazokubali kuzidi hewa ya nje; jibu ni mita za ujazo za hewa kwa saa. Kwa wati 300 na nyuzi 10 unapata 93. Nunua feni yenye uwezo huo ikiwa imefungwa na filta, kwa sababu namba kubwa iliyo kwenye kasha la feni ni ya feni tupu. Na kama hewa ya nje yenyewe imefika 40, feni haiwezi kushusha ndani chini ya hapo. Hapo ni kiyoyozi cha paneli au kuhamisha kifaa.

Breka ndogo za kawaida hupangwa kiwandani kwa nyuzi 30, kwa hiyo ndani ya boksi la 55 zitaruka kwa mkondo mdogo kuliko ulioandikwa. Breka haina ubovu. Kuibadilisha kwa kubwa zaidi ni kuiondolea kebo ulinzi wake. Kwanza achanisha breka zilizobanana, hasa zile zinazobeba mzigo mkubwa kwa saa nyingi.

Jua linastahili kutajwa peke yake. Boksi la kijivu kilichokolea linalotazama magharibi linaweza kupokea joto kubwa la jua kuliko linalotengeneza. Kivuli cha bati kilichoachwa na nafasi ya sentimita chache kutoka kwenye boksi kina faida kuliko feni ya pili, na hakina cha kuharibika.

Sababu ya mwisho ni ya nadra kuliko filta lakini ni ya hatari kuliko zote: kiungo kilicholegea. Utaitambua kwa joto lililokaa sehemu moja, insulesheni iliyobadilika rangi karibu na skrubu, au tamino moja yenye joto kuliko mbili jirani zake zilizo na mzigo sawa. Kipima joto cha mwanga usioonekana kinadanganya kwenye chuma kinachong'aa. Lenga plastiki au insulesheni iliyo karibu. Umeme ukiwa umekatwa, kaza kwa bisibisi ya kupimia nguvu, kwa namba iliyoandikwa kwenye kifaa. Waya ulioungua ncha hukatwa hadi kwenye shaba safi. Tamino iliyoyeyuka haikazwi, inabadilishwa, na kama ni tamino ya swichi kuu mwachie fundi mwenye leseni.

Dalili: unapigwa au kutekenywa ukigusa mlango

Acha. Usiguse tena, usijaribu "kuhakikisha" kwa mgongo wa mkono, mwambie kila aliye karibu asogee mbali, kata umeme kwenye swichi inayolisha boksi kutoka nje. Hii ni dalili pekee ambayo hatua ya kwanza na ya mwisho kwa asiye fundi ni hiyohiyo.

Fundi akifika, atakachokuta mara nyingi ni waya wa erthi wa mlango uliofunguliwa wakati wa ukarabati na kutorudishwa. Bawaba zilizopakwa rangi haziaminiki kupitisha erthi. Mlango wenye kifaa chochote cha umeme unahitaji waya wake wa kusuka. Kinachofuata ni kebo iliyosagwa na ukingo mkali wa tundu lisilo na raba. Baada ya kurekebisha, ukinzani kati ya mlango na tamino kuu ya erthi usizidi omu 0.1. Washa ya bolti (pete ya chuma) yenye meno inayokwangua rangi hadi kwenye chuma ndiyo inayofikisha hapo.

Dalili: kutu, plastiki kupasuka, skrubu kukwama

Kutu huanza kwenye matundu yaliyotobolewa na kuachwa bila rangi. Safisha kwa msasa, paka rangi ya msingi yenye zinki, kisha rangi ya juu. Pwani, chuma cha pua cha daraja la 304 huota madoa ya kahawia. 316 inavumilia zaidi kwa sababu ina molibdenamu. Madoa yakionekana kwenye 316 mpya, mara nyingi ni vumbi la chuma cha kawaida lililorukia wakati mtu anakata kwa grainda jirani.

Kutu ya kijani kwenye shaba ndani ya boksi ambalo halijawahi kulowa? Nusa. Harufu ya siki inatoka kwenye silikoni ya kawaida ya bafuni, ambayo ikikauka hutoa asidi asetiki. Kwenye boksi la umeme, pale silikoni inapohitajika kweli, tumia aina isiyotoa asidi.

Maboksi ya polikaboneti hupasuka kuzunguka skrubu kwa kukazwa kupita kiasi, au kwa kupakwa gundi ya kufungia nyuzi za bolti, ambayo inaila plastiki hiyo. Viyeyushi vya rangi na sabuni zenye amonia pia haviifai. Boksi la nyuzi za kioo likianza kutoa vinyuzi juani, vaa glavu, lipake rangi, au libadilishe.

Dalili: wadudu na mijusi

Mjusi kafiri akilala kati ya fezi mbili anazima paneli nzima. Sisimizi huziba mdomo wa kontakta (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme) hadi isishike. Wanapita palepale maji yanapopita, kwa hiyo ukishaziba matundu ya kebo umemaliza sehemu kubwa. Penye matundu ya hewa weka wavu mwembamba, na ukumbuke kwamba wavu nao unahitaji kusafishwa. Usipulizie dawa ya kopo ndani ya boksi lenye umeme. Nyingi zina gesi inayoshika moto.

Dalili: kinga ya mashine inapiga kelele, au mashine haikubali kuwaka

Kwa kinga za mikanda, shafti na feni, kelele ya kugonga hutokana na bolti zilizolegea au raba za kukalia zilizochakaa. Kelele ya kukwaruza ni hatari zaidi. Zima kabla ya kutafuta, kwani mkanda umelegea au kapi imehama, na kinga inaliwa kutoka ndani. Kinga inayotetemeka kwa mwendo mmoja tu wa mashine na kutulia kwenye mwingine inahitaji kuongezewa mbavu au kubadilishwa mahali pa kushikilia, si kukazwa zaidi.

Mashine isiyowaka baada ya kinga kufungwa, angalia swichi ya usalama ya mlango. Mlango unaoning'inia kwa milimita chache hupishanisha sumaku na swichi yake. Rekebisha bawaba kwanza, swichi baadaye. Kuifunga swichi kwa waya au kuibandikia sumaku ya akiba kunaifanya mashine iwake mlango ukiwa wazi, mkono wa mtu ukiwa ndani.

Ukitengeneza wavu mpya, tundu la mraba la zaidi ya milimita 12 hadi 20 linataka wavu ukae angalau milimita 120 kutoka sehemu inayozunguka, kwa mujibu wa kiwango cha ISO 13857. Wavu wa matundu hayo uliobandikwa karibu na mkanda unapitisha kidole hadi kwenye mkanda.

Dalili: kasha la jenereta au kompresa linapitisha kelele, au injini inachemka ndani yake

Kelele hupita kwenye upenyo kuliko kwenye ukuta. Uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo la kasha unazuia upungufu wa kelele usivuke desibeli 20, hata kuta ziwe nene namna gani. Kabla ya kuongeza sponji, ziba nafasi za milangoni na kuzunguka mabomba. Kisha angalia kama bomba gumu linagusa kasha. Injini iliyokaa kwenye raba haina faida ikiwa bomba la moshi linalibeba tetemeko hadi kwenye bati.

Wengi wakishaziba ndipo injini inaanza kuchemka. Matundu ya hewa ya kuingia na kutoka yaachwe, yapewe njia yenye kona zilizopambwa kwa sponji ya kumeza sauti. Sababu inayokutwa sana ya joto ni hewa ya moto kutoka kwenye rejeta kurudi ndani: tazama kama pana nafasi kati ya rejeta na tundu la kutokea, uizibe kwa raba. Baada ya hapo ndipo utazame sponji iliyobanduka na kunyonywa na feni, vumbi kwenye mapezi ya rejeta, na kasha lililosukumwa karibu mno na ukuta.

Masizi meusi ndani ya kasha ni alama ya bomba la moshi linalovuja. Zima injini. Monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, na kasha lililo karibu na dirisha au mlango linaipeleka walipo watu. Injini isiwashwe tena hadi fundi abadilishe kiungo au bomba lililotoboka.